Kibali ninacho, lakini mtoto sikumuuliza

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya kata huku Mbagala. Nina miaka 34, na jioni nasoma shahada ya umahiri. Nakuandikia usiku huu, watu wa nyumbani wakiwa wamelala, maana jambo lenyewe siwezi kuligusia ofisini.

Utafiti wangu ni wa makosa ya Kiingereza cha kuzungumza kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili. Nafundisha mikondo miwili, A na B. Muhula uliopita mkondo A niliwafundisha kwa kuchanganya: somo kwa Kiingereza, penye ugumu naeleza kwa Kiswahili, wanajadiliana kwa Kiswahili kwanza ndipo wanasimama kuongea Kiingereza. Mkondo B nikawapa Kiingereza kitupu, na anayeponyokwa na Kiswahili analipa faini ya shilingi 200. Mwisho wa muhula nikarekodi kwa simu wanafunzi 41, mmoja mmoja, wote wakieleza jambo moja: asubuhi ya nyumbani kwao ikoje.

Vibali vyote ninavyo. Barua ya chuo ninayo, ya mkoa ninayo, ya manispaa ninayo, na mkuu wa shule aligonga muhuri mbele yangu. Wanafunzi niliwaambia tu, "Leo kuna zoezi la kuongea, nitawarekodi." Hakuna aliyekataa.

Balaa lilianza kwenye semina ya idara pale chuoni. Nilipofika kwenye mifano nikachezesha sauti ya binti mmoja wa mkondo B, haizidi sekunde kumi na tano. Alisema, "My mother is cooking me every morning." Ukumbi mzima uliangua kicheko. Na mimi nilicheka, sitakuficha. Kumbe kuna mwenzetu alikuwa anarekodi. Akakirusha kipande kile kwenye grupu la WhatsApp la walimu, na vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Haikupita wiki kikawa kimefika kwa wanafunzi wangu, nadhani kupitia simu ya mzazi mmoja ambaye naye ni mwalimu. Jina sikulitaja popote, lakini sauti yake wanaijua.

Sasa wanamwita Mchemsho. "Mchemsho, leo umepikwa na ndizi?" Huyu binti ndiye alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole darasani. Ni wiki ya pili sasa nikimwita anasimama, anatazama dawati, hasemi neno mpaka namwambia akae.

Msimamizi wangu nilimdokezea juu juu. Akasema niweke jina bandia niendelee, nisijichimbie kaburi mwenyewe. Natakiwa kuwasilisha tasnifu mwisho wa mwezi ujao. Nikichelewa nalipia muhula mwingine, na hii ada yenyewe nilikopa SACCOS. Binti huyo ndiye mfano wangu mkubwa, kwenye sura ya nne ana kurasa sita.

Mwalimu, kama vibali ninavyo, kosa langu liko wapi? Nimwombe radhi nani? Nimwondoe kwenye tasnifu? Na jingine: mkondo B walianguka vibaya kwenye jaribio la mwisho kuliko A. Hayo ni matokeo ya utafiti tu, au kuna dhambi yangu humo?

Nyongeza: kuna jamaa anatengeneza programu ya simu ya kufundishia Kiingereza. Amesikia nina rekodi za wanafunzi, anataka kuzinunua.

Mwalimu wa Zamu, Mbagala

*

Marahaba, baba.

Nianze na nyongeza yako, maana jibu lake ni fupi. Usimuuzie. Sauti zile si zako. Ulizipata kwa kuwa wewe ni mwalimu wao na simu ilikuwa mkononi mwako. Mwambie jamaa atafute watu wazima, awaeleze anachotaka, awalipe wao.

Sasa tukae chini.

Umesema na wewe ulicheka, na umefanya vizuri kulitaja hilo. Mimi nimefundisha lugha hii miaka mingi kabla ya kustaafu, na kama kuna mahali nimewahi kumdhulumu mtoto bila kumgusa, ni katika ofisi ya walimu saa nne, chai mkononi, na rundo la insha mbele yangu. "Sikilizeni hii!" Unasoma sentensi kwa sauti, wenzako wanajishika mbavu, na mwenye daftari yuko nje anafagia uwanja. Tulikuwa tunaita kupunguza uchovu. Tofauti ya enzi zangu na zako ni kwamba kicheko chetu kiliishia mlangoni, kwa sababu hakuna aliyekuwa na simu mfukoni.

Ila hebu tuitazame ile sentensi yenyewe, maana naona wewe na ukumbi wako mliicheka bila kuisoma.

Nyumbani kwao binti yule anasema "Mama ananipikia kila asubuhi." Neno moja, "ananipikia", na ndani yake mna kila kitu: mpishi, mpikiwa, wakati, na ile "i" ndogo baada ya "pik" inayobeba maana ya "kwa ajili yangu". Alipovuka kwenda kwenye Kiingereza akachukua kitenzi, akachukua "ni" akaifanya "me", na ile "i" akashindwa pa kuiweka, kwa kuwa Kiingereza hakiwezi kuichomeka ndani ya kitenzi. Kinaitoa nje na kuifanya neno linalojitegemea, "for". Kisha tazama "is cooking". Kwetu "ananipikia" ni ya sasa hivi na ni ya kila siku pia, huhitaji kubadili chochote. Binti akachagua moja kati ya mbili, akakosea. Mtoto aliyekosea namna hiyo ana sarufi nzima kichwani mwake na anaitafutia mlango. Pit Corder, mwanaisimu Mwingereza, alilisema jambo hili mwaka 1967: kosa la mwanafunzi linamwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi katika kuijenga lugha. Najua umemnukuu, hakuna tasnifu ya makosa isiyomnukuu. Sasa yule mtu uliyemnukuu sura ya pili, ukafika kwenye semina ukafanya kinyume chake.

Kuhusu vibali. Mlolongo huo naujua. Chuo kinakuandikia, barua inapanda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka manispaa, inafika kwa Afisa Elimu, inaishia kwa mkuu wa shule. Angekuwa mtafiti kutoka nje ya nchi angepitia kwanza COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama, ile ofisi iliyokipa kituo cha daladala jina la Sayansi. Mihuri yote hiyo ina kazi moja: kukufungulia geti la shule. Inamwambia mlinzi akuache upite. Haimsemei mtoto, wala haimsemei mama yake. Kinachomsemea mtoto kinaitwa ridhaa, na hiyo hakuna ofisi inayoweza kuitoa kwa niaba yake.

Na ridhaa ya mtoto ina miguu miwili. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo Kidato chako cha Pili karibu wote wamo humo. Mzazi au mlezi anakubali, na mtoto mwenyewe naye anakubali. Mmoja akikataa, basi. Tena tangu tarehe 1 Mei 2023 imeanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sauti inayomfanya mtu atambulike ni taarifa yake binafsi, na kwa mtoto sheria inataka mzazi au mlezi aseme. Darasa zima lilimtambua kwa sekunde kumi na tano, bila jina. Ushahidi gani tena unautaka?

Unasema hakuna aliyekataa. Baba, angekataaje? Wewe ndiye unayemsahihishia, wewe ndiye unayejaza alama zake za maendeleo, wewe ndiye utakayemkuta getini kesho akichelewa. Ungewaambia wapande juu ya bati wangepanda. Kwa sababu hiyo mwalimu anayetafiti darasa lake mwenyewe anatakiwa kujifunga mikono zaidi kuliko mtafiti mgeni. Anamwomba mtu mwingine, asiyewafundisha, akaeleze na kukusanya ridhaa. Zoezi la kuongea wanafanya wote, lakini rekodi zinazoingia kwenye utafiti ni za waliokubali tu. Na yeye mwenyewe haambiwi nani amekubali na nani amekataa mpaka awe ameshakabidhi alama za muhula. Ni usumbufu, nakubali. Ungekula wiki mbili zako. Leo ungekuwa umelala.

Msimamizi wako anasema weka jina bandia. Nina shaka kama ameisoma sura ya nne. Nadhani umeandika: shule ya kata Mbagala, mkondo B, msichana, mama yake anafanya biashara fulani mahali fulani, anaamka saa kumi alfajiri. Mwite Neema, mwite Rehema, mwite Mwanafunzi Namba 17. Mtu wa mtaa ule akisoma ukurasa wa kwanza tu atakwambia ni mtoto wa nani. Kumficha mtu ni kazi ya kuondoa vitu: toa biashara ya mama, toa saa ya kuamka, toa mtaa, toa kila kisichohitajika kueleza kosa la sarufi. Ukimaliza utashangaa ni kidogo kiasi gani kimebaki, na jinsi hicho kidogo kinavyotosha.

Sasa ile faini.

Hapa nimeweka kalamu chini nikaenda kunywa maji. Shilingi 200, baba, ndiyo nauli ya mwanafunzi kwenye daladala. Hebu fikiri: saa saba na nusu mchana mtoto amejisahau, amesema "sasa" au "lakini", umechukua mia mbili yake. Anarudi nyumbani kwa miguu, juani, kutoka shule ambayo Serikali ilishaifutia ada tangu Januari 2016. Na aliyejifunza kwamba kila neno la Kiswahili lina bei, kesho atafanya jambo la busara kabisa: hatasema kitu. Mtu aliyenyamaza hatozwi. Hujaniambia zile fedha zilikwenda wapi, na sitauliza, ila lazima uwe na jibu kabla mzazi hajaja kuuliza. Rudisha. Kama huna daftari la nani alilipa ngapi, waulize wenyewe. Watoto hawasahau deni la namna hii.

Najua utaniambia faini ilikuwa sehemu ya jaribio, kwamba shule nyingi za binafsi hapa mjini zinafanya hivyo, nyingine zinawavisha watoto kibao shingoni. Najua, na najua pia kwamba wazazi wengine wanalipia hicho kibao kwa furaha. Lakini mtafiti anayeukuta ubaya kwenye shule akauandika, huyo ni shahidi. Anayeuleta mwenyewe kwenye darasa lisilokuwa nao, ili apate cha kulinganisha, huyo ameufanya.

Nikupe kisa ambacho ni cha kweli, na kimenisumbua tangu nilipokisikia. Mwaka 1939, mji wa Davenport, jimbo la Iowa huko Marekani, kulikuwa na kituo cha watoto yatima. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya umahiri, Mary Tudor, chini ya msimamizi wake Wendell Johnson, mtaalamu wa kigugumizi aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe, aliwachukua watoto 22 wa pale. Baadhi yao walikuwa wanaongea vizuri tu, lakini waliambiwa wanaongea vibaya, wana dalili za kigugumizi, wasifungue mdomo mpaka wawe na uhakika wa kusema sawasawa. Alikuwa anapima: ukimwambia mtoto kuwa ulimi wake una kasoro, itakuwaje? Ikawa hivi: baadhi yao wakaanza kunyamaza, wakaona aibu, darasani hawasemi. Tudor mwenyewe alirudi baadaye kujaribu kuwatengeneza. Tasnifu ikakaa maktabani, watu wakanyamaza. Chuo Kikuu cha Iowa, alikosoma Tudor, kiliomba radhi mwaka 2001, baada ya gazeti kuifichua habari hiyo. Mwaka 2007 jimbo likakubali kulipa dola 925,000 kwa waliodhuriwa na familia zao. Wengine walishakufa, waliobaki walikuwa vikongwe.

Sikufananishi na wale. Wewe hukukusudia. Lakini rudi kwenye barua yako: mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole, sasa anatazama dawati. Tofauti ni kwamba binti wako bado yuko Kidato cha Pili na wewe bado una kipindi naye.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufuate mpangilio huu kwa sababu una maana yake.

Anza na binti. Usimwite peke yake ofisini; wewe ni mwanaume na ni mwalimu wake, na maneno ya shule unayajua. Mwombe mwalimu wa malezi, mama mtu mzima, awepo. Zungumza Kiswahili. Mwambie ulichofanya kwa majina yake: nilikurekodi bila kukuuliza wewe wala mama yako, nikawachezeshea watu, walipocheka na mimi nikacheka. Ukianza na "kama ulijisikia vibaya" umeharibu. Wala usimwombe aseme amekusamehe. Mtoto wa Kiswahili akiambiwa na mwalimu "unanisamehe?" atasema ndiyo hata kama moyo unawaka, na utakuwa umemchukulia kitu kingine tena.

Kisha mama. Usimfuate asubuhi akiwa kwenye shughuli zake. Nenda jioni, na mwalimu yuleyule. Hapa jiandae kulaumiwa. Jiandae pia kwa jambo gumu zaidi, kwamba huenda asikulaumu kabisa; atakwambia, "Mwalimu, nyie ndio wenye elimu, endeleeni tu." Usiichukue hiyo kuwa ni ridhaa. Mweleze tasnifu ni nini, nani ataisoma, itakaa wapi, na kwamba anaweza kusema hapana leo, au akasema ndiyo leo na hapana wiki ijayo, na mtoto wake hatapungukiwa kitu. Mwachie karatasi ya Kiswahili, uondoke. Asisaini mbele yako.

Akikataa, au binti akikataa, kurasa sita zinatoka. Na rekodi unaifuta kwenye simu, kwenye kompyuta, na kule unakohifadhi mtandaoni. Wale 40 waliobaki nao ni hivyo hivyo, mmoja mmoja, mzazi na mtoto; na safari hii mtume mwalimu mwingine akaulize.

Yule mwenzako aliyerekodi semina mpigie simu, usimwandikie. Mwambie akifute na awaombe waliopo kwenye grupu wafute. Hutakirudisha chote, maji yameshamwagika, ila atakayekirusha mara ya pili atakuwa anajua anachofanya. Darasani kwako zuia lile jina, lakini usilihutubie. Ukisimama mbele ya wanafunzi 70 ukasema "kuanzia leo marufuku kumwita fulani Mchemsho", umelipaka rangi na kulitundika ukutani. Waite wawili watatu wanaoliongoza, kando.

Halafu msimamizi. Huyu umwandikie, kwa baruapepe, ili ibaki kumbukumbu: kilichotokea, tarehe, na kwamba unaomba suala lipelekwe kwenye kamati ya maadili ya utafiti ya chuo. Atanuna. Wasimamizi wengi wa kwetu wanalelewa kuhesabu waliomaliza, na wewe unamharibia hesabu. Lakini jina lako ndilo litakaloandikwa kwenye jalada, la kwake liko ndani kwa herufi ndogo. Omba muda wa nyongeza kwa sababu hiyo hiyo ya kimaadili, kabla tarehe haijapita. Ukiomba mapema ukaeleza, una mahali pa kusimama; ukikaa kimya mpaka siku ya kuwasilisha ikapita, umechelewa kama wachelewaji wengine. Ikishindikana, ada ya muhula utailipa. Deni la SACCOS nalijua linavyokata mshahara, nimelibeba miaka saba kwa ajili ya bati la nyumba. Linauma, ila mwisho wake unajulikana kwa tarehe.

Na sura ya nne usiihuzunikie sana. Ukiandika kwa ukweli, katika sehemu ya upungufu wa utafiti, kwamba data hizi ziliondolewa kwa kuwa zilichukuliwa bila ridhaa, mtahini mwenye akili atakuheshimu kwa aya hiyo kuliko kwa zile kurasa sita.

Umeuliza kuhusu mkondo B kuanguka. Kulinganisha njia mbili za kufundisha si dhambi. Dhambi ni kujua ipi imefaulu ukakaa nayo. Nchi hii imeshafanya hivyo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu ya nchi, ilipendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi, wakakuta wengi hawawezi kusoma vitabu wanavyofundishiwa. Juu ya hayo wakashauri Kiingereza kibaki. Kikabaki. Nilikuwa mwalimu kijana mkoani wakati huo, nikifundisha Kidato cha Pili kama wewe, na sikumbuki mtu kurudi darasani kuwaambia watoto wa Tanzania, "Tuliwapima, tumeona hivi." Mwanaisimu mmoja Mmarekani, William Labov, mwaka 1979 alisimama mahakamani kule Michigan kuwatetea watoto weusi ambao shule yao haikujali Kiingereza wanachokizungumza nyumbani, na baadaye akaandika kuwa mwanaisimu aliyechukua lugha ya watu ana deni kwao, wakimhitaji alilipe. Kwako wewe deni lina namba ya chumba: Kidato cha Pili B. Matokeo yanaonyesha kuchanganya lugha kumewasaidia A. Basi B nao wafundishwe hivyo kuanzia Jumatatu, wana mtihani wa taifa mbele yao na haungoji tasnifu yako.

Kuna jambo moja nimelitafuta kwenye barua yako mara mbili, nikivaa miwani na nikivua, sikuliona. Umemrekodi binti, umemsikiliza, umemwandika kurasa sita, umempeleka chuo kikuu. Hujasema popote kwamba ulimwonyesha kilichokosekana. Mpaka leo, kwa jinsi ninavyokusoma, yule mtoto anajua tu kuwa alisema kitu cha kuchekesha. Hajui kuwa pungufu lilikuwa neno moja la herufi tatu.

Kwa hiyo siku ya vipindi viwili, ukishaonana na mama yake, ingia B na chaki. Usitumie sentensi yake. Andika "pika, pikia". Chini yake "nunua, nunulia". Kisha "andika, andikia" na "imba, imbia". Waulize, kwa Kiswahili, ile sehemu iliyoongezeka imeleta nini, na Waingereza wanaiweka wapi. Waache wabishane kwenye madawati watatu watatu, hata wakipiga kelele mpaka mkondo A wachungulie dirishani. Wataipata "for" wenyewe, wataifurahia, watataka kuibandika kila mahali. Hapo usiingilie. Ngoja mmoja wao aulize kuhusu "kimbilia", maana hiyo "for" haiikubali, na sitashangaa atakayeuliza akiwa ni yeye.